Floraidi ya povu au ya kupaka, mtoto apewe ipi?

Wazazi wengi wanauliza hili kuhusu floraidi, ile dawa ya kukinga meno yasioze, na mimi jibu langu kwa mtoto chini ya miaka 6 ni ya kupaka, ile vanishi, sitaki hata mjadala. Povu linawekwa kwenye trei ya umbo la meno, mtoto anaing'ata kama dakika 4 huku mate yanamjaa mdomoni, sasa mtoto wa miaka 3 atakaa hivyo kweli? Atameza tu, na akimeza nyingi tumbo linachafuka, anatapika.

Vanishi ndo kali zaidi, ina karibu miligramu 22.6 za floraidi kwa kila gramu, povu la asidi lina 12.3, lakini vanishi daktari anapaka kidogo sana kwa brashi na ikikutana na mate inaganda hapohapo kwenye jino, inabaki masaa kadhaa inafanya kazi. Ubaya wake meno yanakuwa na rangi ya njano kwa muda, na zingine zina utomvu wa msonobari so kama mtoto ana aleji sema mapema.

Povu nalo lina faida, ni jepesi, linatumika kidogo kuliko floraidi ya jeli, na mdomo mzima unaisha mara moja, kwa vijana wakubwa wanaoweza kutema liko poa. Ila watengenezaji waliboreshe jamani, ling'ang'anie jino muda mrefu, na lile lisilo na asidi lipatikane kirahisi maana asidi inakwangua meno ya bandia ya kauri.