Zizi la mbuzi wa udhiya, Magomeni Mtwara

Ndugu zangu wa Mtwara mnaotafuta mbuzi wa udhiya, yaani wa kuchinja Idi Kubwa, nendeni kwa yule mzee wa Magomeni anayefuga na wanawe. Nawaelekeza huko kwa sababu aligoma kuniuzia mbuzi.

Nilimpenda beberu mmoja mweupe, mnene, na hela yangu ya mchezo ilimtosha. Mzee akamfunua mdomo: "Mwanangu, huyu meno yake bado ya utoto, mwaka hajatimiza. Ukitaka kitoweo nakuuzia sasa hivi. Udhiya, hapana." Akanitolea mwingine aliyekwisha ota meno mawili makubwa mbele, akamtembeza nione kuwa hachechemei na macho yote mazima. Laki mbili, pamoja na kuchinjiwa.

Hilo la kuchinjiwa ndilo lililonifurahisha zaidi. Kuna wachinjaji wanaondoka na ngozi au kichwa kama malipo yao, na mwenye mnyama ananyamaza kwa haya. Mtume (s.a.w.) alimkataza Sayyidna Ali kumpa mchinjaji sehemu ya mnyama kuwa ujira. Hapa mchinjaji analipwa fedha, na ngozi nilikabidhiwa mwenyewe, nikaipeleka madrasa.

Kisu hakishikwi kabla ya swala. Kijana mmoja alikuja na bodaboda mapema, anataka achinjiwe awahi Newala. Akaambiwa asubiri watu watoke msikitini. Wanachinja nyuma ya turubai, mmoja mmoja, wengine wasione, na kisu kinanolewa mbali nao. Mbuzi wangu alilazwa kwa upole, akaelekezwa kibla, nikaulizwa ni kwa ajili ya nani. Nikasema yangu mimi na watu wa nyumbani kwangu. Nilitokwa na machozi, sioni haya kusema.

Foleni sasa. Jua kali, hakuna benchi, kina mama wazima wamesimama na mabeseni. Adhuhuri iliadhiniwa sijapata nyama, nami sijatia kitu mdomoni tangu alfajiri, maana nilitaka kuanza na maini ya mbuzi wangu. Na wanakatakata kwa haraka: mapande makubwa, mifupa imepasuka vipande vyenye ncha. Ilibidi nikae nyumbani na kisu upya ndipo nikagawa mafungu, letu, la majirani na ndugu, na la wasiojiweza. Kwa bei ile wangeweka mtu mmoja wa kukata tu.

Nendeni na beseni au ndoo yenu, hawana vifungashio. Mbuzi wakubwa huisha mapema, kwa hiyo wekeni oda Mfunguo Tatu, mwezi wa Idi Kubwa, ukiandama tu. Na asiyeweza kusimama juani asiende siku ya Idi yenyewe: kuchinja kunaendelea mpaka magharibi ya tarehe 13 ya mwezi huo, na mzee yupo zizini siku zote hizo.