Mlango unakwama: ununue randa ipi, na kichwa cha randa cha Dremel kina nafasi gani

Mbao ikivuta unyevu hupanuka kwa upana, kwa urefu karibu haibadiliki. Ndiyo maana masika yakikolea mlango hugoma upande wa kitasa kwanza. Kazi inayobaki ni ndogo: kuondoa milimita 1 hadi 3 kwenye ukingo wenye urefu wa mita 2. Tumepanga vifaa kwa kazi hiyo tu.

1. Randa ya mkono ya chuma, urefu wa sm 35 hivi

Kwa mwenye nyumba, hii ndiyo ya kununua. Katika namba za Stanley ni namba 5, kisu chake kina upana wa mm 50. Randa fupi hufuata mabonde ya ukingo, ndefu huyapita na kukata vilima, hivyo ukingo hunyooka wenyewe.

Dukani, weka rula ya chuma kwenye tako la randa, yaani uso wake wa chini, na uitazame kuelekea mwanga. Mwanga ukipenya katikati au karibu na mdomo wa kisu, irudishe. Zungusha gurudumu la kurekebisha kina: likicheza mizunguko mingi kabla kisu hakijasogea, utahangaika nalo kila siku. Nunua na jiwe la kunolea hapohapo, kwa sababu kisu kipya hakiji kikiwa na makali ya kutosha. Kinoe kwa pembe ya nyuzi 25, umalizie ncha kwa 30.

Randa ikirarua badala ya kutoa maranda marefu, huenda unakwenda kinyume cha nyuzi za mbao. Geuza upande kabla ya kulaumu kisu.

2. Randa ya umeme ya mm 82

Ni ya fundi, au ya mwenye milango mitano na kuendelea. Makita KP0800 ina wati 620 na hukata hadi mm 2.5 kwa mpito mmoja, lakini kwa mlango weka nusu milimita. Kabla ya kulipa, uliza kama visu na mkanda wa mashine hiyo vinapatikana mjini kwenu. Randa isiyo na mkanda wa akiba ni chuma chakavu kinachosubiri siku yake.

Kosa la kawaida ni kuchimba shimo mwanzoni au mwishoni mwa ukingo. Anza kwa kukandamiza mbele, maliza kwa kukandamiza nyuma. Ukizima, usiitue mpaka silinda inayobeba visu isimame kabisa. Na msumari mmoja uliosahaulika kwenye mlango wa zamani unatosha kuharibu visu vyote viwili.

3. Kichwa cha randa kwenye mashine ndogo ya kuzungusha

Wengi huiita mashine hii Dremel hata ikiwa ya kampuni nyingine. Kichwa hufungwa kwenye mdomo wake, biti, yaani kikatio kidogo, inazunguka ndani, na bamba la chini huteleza juu ya mbao. Kinavutia, ila usinunue mashine kwa ajili ya kazi hii. Dremel 4000 ina wati 175, chini ya theluthi moja ya ile Makita. Inafika mizunguko 35,000 kwa dakika, lakini kasi si nguvu: ukiisukuma, sauti hushuka, biti hupata joto na mbao huungua na kuwa nyeusi.

Kama mashine unayo tayari, kichwa hiki kina kazi zake: mlango usioweza kushushwa kwa sababu skrubu za bawaba zimeshika kutu, sehemu moja tu iliyovimba, droo, fremu ya dirisha.

Nenda dukani na mashine yako. Ukiambiwa kinaingia mashine zote, kifunge mwenyewe uone, maana uzi wa mdomo hutofautiana. Kisha pima sehemu ya biti inayokata. Mlango wa nje huwa na unene wa mm 40 au zaidi. Biti ikiwa fupi kuliko hapo, utapita mara mbili na kubaki na mstari katikati wa kusawazisha kwa msasa. Shina la biti za Dremel ni mm 3.2; biti ya mm 3 itateleza kwenye koleti yake, yaani kibano kinachoshika shina.

Soma pia volti. Mashine zinazoletwa kutoka Marekani ni za volti 120, nazo huungua zikichomekwa kwenye umeme wetu wa 230 au 240.

Matumizi: chomoa umeme, ingiza shina lote kwenye koleti, kaza. Chora mstari wa penseli. Ondoa chini ya nusu milimita kila mpito, ukisogea kinyume na mzunguko wa biti; ukienda nao, mashine itakimbia mikononi. Ipumzishe mwili wake ukiwa moto. Miwani ni lazima, na ncha za kanga au shuka zifungwe mbali.

4. Msasa

Namba 60 kwenye kipande cha mbao, kwa mlango unaogusa kidogo tu. Zaidi ya nusu milimita utachoka, na pembe zitakuwa za mviringo.

Kifaa chochote utakachochagua, jua kwanza panapogusa: paka chaki kwenye fremu, funga mlango, ufungue uone ilipohamia. Acha nafasi ya mm 2, usizidishe, kwa sababu kiangazi mlango utasinyaa. Kwenye ncha za juu na chini, piga randa kutoka kila kona kuelekea katikati, vinginevyo kona itapasuka. Mlango wa plaiwudi wenye uwazi ndani una ukanda mwembamba tu wa mbao pembeni, kwa hiyo usile zaidi ya mm 5. Siku hiyohiyo paka vanishi au rangi kwenye ukingo uliokatwa, mara mbili, pamoja na ncha ya chini ambayo mafundi wengi huiruka.