Mahali pa Kuhifadhia Vifaa vya Kung'arishia Gari: Kipi Ununue Kwanza

Taulo iliyofuta rimu wiki iliyopita ikifuta boneti leo, boneti itachorwa. Vumbi la breki lina chembe za chuma, na chembe hizo hung'ang'ania kwenye nyuzi laini za taulo ya maikrofaiba hata baada ya kufuliwa. Kwa hiyo nimepanga mwongozo huu kwa kipimo kimoja tu: kifaa cha kuhifadhia kinasaidia kiasi gani kutenga vinavyogusa rangi ya gari na vinavyogusa uchafu? Gereji ya nyumbani inaweza kupendeza kwa macho na bado ikawa chanzo cha mikwaruzo.

Kabla ya kununua chochote, toa kila kitu ukiweke sakafuni, kisha pima chupa yako ndefu kuliko zote ikiwa na kichwa chake cha kupulizia. Chupa ya lita moja hukaribia sentimita 30. Kabati na rafu nyingi hurudishwa dukani kwa sababu ya kipimo hiki kimoja ambacho hakikuchukuliwa.

Nafasi ya kwanza naipa masanduku ya plastiki yenye vifuniko, yale yanayoonyesha vilivyomo ndani. Hakuna anayeyapiga picha, lakini ndiyo yanayolinda rangi. Nunua madogo kadhaa badala ya kubwa moja: la taulo za rangi ya gari, la taulo za vioo, la taulo za rimu na injini, na la pedi, yaani sponji, za mashine ya polishi. Sanduku kubwa huishia kuwa mchanganyiko wa kila kitu. Hakikisha kifuniko kinabana pande zote na kwamba masanduku yanapangika moja juu ya jingine bila kuteleza. Pedi zigawe zaidi: iliyotumika na polishi kali ya kuondoa mikwaruzo isilale pamoja na pedi ya polishi laini ya kumalizia, kwa kuwa masalia ya polishi kali yatarudisha alama ulizokwisha kuziondoa. Na chochote kisifungiwe kikiwa kibichi. Taulo yenye unyevu ndani ya sanduku lililobana hupata ukungu na harufu, na iliyolowa mafuta au viyeyusho (kemikali za kuyeyushia uchafu kama lami) ianikwe nje kwanza.

Kabati la chuma lenye kufuli ni la pili, ila kama nyumbani kuna watoto, linapanda juu na kuwa la kwanza bila mjadala. Baadhi ya dawa za kusafishia rimu ni tindikali, na dawa nyingi za kuondoa lami ni viyeyusho vinavyoshika moto. Tafuta kabati lenye rafu zinazoweza kushushwa na kupandishwa, na lenye matundu ya hewa. Kila rafu iwekee trei ya plastiki, kwa sababu tindikali ikivuja italila bati taratibu bila wewe kuona. Chupa nzito na zenye kemikali kali zikae chini ya usawa wa macho, zisije zikakumwagikia usoni unapozishusha. Tindikali na dawa ya klorini ya kuondoa madoa zisikae rafu moja, maana zikichanganyika hutoa gesi ya klorini, nayo ni sumu. Mvuke wa viyeyusho vingi ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni. Kabati hilo lisiwe karibu na hita ya maji ya gesi wala kitu chochote kinachotoa cheche. Jua kali na barafu navyo huharibu: dawa nyingi zenye maji ndani yake zikiganda hutengana na hazirudi zilivyokuwa. Ukihamishia dawa kwenye chupa nyingine, andika jina lake siku hiyohiyo, na kamwe usitumie chupa ya soda au ya maji ya kunywa.

Ya tatu ni toroli ya ngazi tatu. Naipenda sana siku ya kazi, kwani inakuzunguka pamoja na gari na kukuepusha kuweka chupa juu ya boneti. Angalia magurudumu kwanza: madogo ya plastiki hukwama kwenye sakafu ya zege yenye nyufa, makubwa ya mpira hupita, na angalau mawili yawe na breki. Kingo za kila ngazi ziwe zimeinuka. Haikupanda juu zaidi kwa sababu iko wazi. Ukifagia gereji, vumbi lote linatua juu yake. Ichukulie kama meza ya kazi, si ghala.

Reli ya kuning'inizia chupa za kupulizia inafuata. Ni bomba tu lililofungwa ukutani, na chupa hushikiliwa kwa shingo ya kichwa cha kupulizia. Inaokoa nafasi ajabu. Kumbuka uzito: chupa kumi na mbili za lita moja ni zaidi ya kilo 12, kwa hiyo skrubu ziingie kwenye tofali au mbao imara, si kwenye plasta peke yake.

Ubao wa matundu wenye kulabu unafaa kwa brashi, mipira ya maji na nyaya. Nunua wa chuma. Wa mbao zilizoshindiliwa huvimba mahali penye maji. Brashi zining'inie nywele zikitazama chini ili zikauke vizuri. Chupa usiziweke hapo.

Rafu za wazi zinatosha kwa ndoo na madumu ya lita 5, basi.

Mwisho kabisa ni kabati la droo la mafundi. Ni zuri kwa spana. Droo zake nyingi ni fupi mno kwa chupa, hivyo chupa hulazwa na kuvuja, na bei yake ingekununulia masanduku, trei na reli vyote kwa pamoja. Begi la kubebea nalo lina maana kwa anayefuata magari ya wateja, si kwa aliye na gereji yake.

Kama fedha ni kidogo, anza na masanduku manne na trei mbili, kisha kabati, na vingine vingoje. Mashine ya polishi haihitaji kitu cha pekee: ivue pedi na uilaze ubavu, kwa kuwa ikisimamia pedi yake sponji hubonyea na kupoteza umbo. Na usisahau ndoo moja tupu karibu na mlango kwa ajili ya taulo zilizokwisha kutumika, ili isiwepo hata moja chafu itakayorudi sandukuni kwa bahati mbaya.