Mwaka mmoja wa mkataba wa matengenezo: lifti, jenereta na pampu za jengo letu Upanga

Jengo letu lina ghorofa 8, lifti 1, jenereta ya dizeli ya kVA 100 na pampu 2 zinazopandisha maji kutoka tangi la chini hadi la juu. Kwa mwaka mzima uliopita mitambo hiyo yote ilikuwa chini ya mkataba wa matengenezo tuliosaini na kampuni moja ya hapa Dar es Salaam, kwa shilingi 900,000 kila mwezi kabla ya VAT ya asilimia 18. Mimi ni mweka hazina wa kamati ya wamiliki, kwa hiyo kila ankara na kila ripoti ilipitia mikononi mwangu.

Nianze na kilichonifurahisha, yaani fundi wa jenereta. Siku ya kwanza alifungua mlango wa kasha, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha na kukichomoa tena, kisha akaniita nione jinsi oili ilivyokuwa nyeusi na nzito. Kwenye vichwa vya betri kulikuwa na unga wa kijani uliotokana na kutu, na hapa kwetu, penye upepo wa chumvi kutoka baharini, unga huo huota upesi. Aliuosha kwa maji ya moto, akakaza nati na kupaka grisi. Ni yeye pia aliyemkataza mlinzi kuiwasha jenereta dakika 5 kila Jumamosi bila mzigo, akieleza kwamba dizeli isiyoungua sawasawa huacha masizi kwenye njia ya moshi, na kwamba ni afadhali kuiwasha mara chache lakini ibebe umeme wa jengo kwa nusu saa au zaidi. Tangu hapo TANESCO wakikata umeme, jenereta inashika bila kusuasua.

Lifti ni habari nyingine. Wakati wa masika maji yaliingia kwenye shimo la lifti, na siku mbili baadaye bodi inayoongoza milango ikaungua. Nilipopiga simu nilijibiwa kwa adabu kabisa kwamba fundi yuko njiani, naye alifika kesho yake jioni, akatazama, akatuma bei ya bodi mpya. Nilipouliza kwa nini tulipe ilhali tuna mkataba, nilielekezwa kwenye kifungu kilichokuwa ukurasa wa mwisho, kinachosema kwamba vipuri vya kielektroniki, mota, kamba za chuma na madhara yanayotokana na maji au umeme usiotulia havimo. Ukiondoa hivyo vyote, kinachobaki kwenye lifti ni grisi, balbu na matambara. Kosa la kusaini bila kusoma ni letu, nalikubali. Lakini muuzaji wao alituambia kwa mdomo wake kwamba mkataba huu ni wa "kila kitu", nasi tukayapokea maneno hayo kama yalivyo. Bodi ilichukua siku 9 kufika, na kwa siku hizo 9 bibi mmoja wa ghorofa ya 7, mwenye maumivu ya magoti, hakushuka chini hata mara moja.

Kilichonivunja moyo zaidi kilikuwa karatasi. Ripoti ya mwezi Mei ilionyesha kwamba saa za jenereta zilikuwa 1,437, na ya mwezi Juni ikaonyesha 1,412. Mita ya saa hairudi nyuma. Nilipomhoji mlinzi alisema kwamba mwezi Juni alikuja kijana mmoja na pikipiki, akaomba sahihi getini, akaondoka bila kuingia chumba cha mitambo. Kampuni ilituomba radhi na kutukatia malipo ya mwezi huo, jambo ambalo si haba, ila baada ya hapo kila ripoti niliisoma nikiwa nimesimama mbele ya mita yenyewe.

Kuhusu pampu sina mengi: walibadilisha sili zilizokuwa zikivuja na hazijavuja tena.

Mkataba ulipokwisha tuliuhuisha kwa jenereta na pampu tu, kwa masharti kwamba fundi ni yuleyule, oili na filta zinabadilishwa kila baada ya saa 250 za kazi, na kila ripoti inaambatanishwa na picha ya mita. Lifti tumeihamishia kwa wakala wa mtengenezaji wake, ambaye bei yake ni kubwa kwa karibu theluthi moja, lakini orodha ya vipuri vilivyomo imeandikwa kimoja kimoja, bodi ya milango ikiwemo, na muda wa kufika mtu akikwama ndani umetajwa kuwa saa 1. Shimo tumelizibia nyufa wenyewe kabla ya vuli kuanza.