Haidromita ya kioo kwa asetoni, tolueni na thina: tunaijaribu kwenye joto la Dodoma

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Leo nipo Kizota, hapa hapa Dodoma, ndani ya stoo ya karakana ya rangi na vanishi. Milango yote iko wazi, hakuna moto wala sigara, na kamera nimeitegesha mbali kule upande upepo unakotokea. Mezani kuna vifaa vitatu mlivyoniuliza: haidromita ya kioo, piknomita, na kipimo cha kidijitali cha kushika mkononi. Vyote vitatu kazi yao ni moja, kukuambia mililita moja ya kimiminika ina gramu ngapi. Hiyo ndiyo densiti.

Mwenye haraka nampa jibu sasa hivi. Kwa stoo nyingi za huku kwetu haidromita ya kioo inatosha kabisa, ila ununue ile yenye kipimo kifupi, yaani namba yake ya mwanzo na ya mwisho zimekaribiana, na usiandike namba yake hata siku moja bila kuandika joto pembeni. Ukibaki nami nitakuonyesha kwa nini hilo la joto nalishikilia hivi.

Tuanze na pesa, maana densiti ni pesa. Pipa la asetoni unauziwa kwa kilo, tuseme kilo 160. Wewe stoo yako unaihesabu kwa lita. Kwenye nyuzi 20 asetoni ina densiti ya karibu 0.791, kwa hiyo kilo 160 ni lita 202 na kidogo. Sasa pipa hilo hilo likae kwenye banda la bati mpaka saa nane mchana, joto lifike nyuzi 32. Asetoni inatanuka sana. Ukipima utakuta inakaribia lita 206. Hakuna aliyeongeza tone. Mtunza stoo wa asubuhi na wa mchana watagombana hapo, mmoja ataitwa mwizi, na wote wawili wamepima sawasawa. Kilo hazijabadilika, lita ndizo zimevimba. Dawa ya ugomvi huo ni densiti iliyoandikwa pamoja na joto lake.

Haya, twende kwenye haidromita yenyewe. Naisogeza karibu muone. Chini kuna tumbo lenye risasi za uzito, juu shingo nyembamba, na ndani ya shingo kuna karatasi yenye mistari. Kabla hujalipa, soma karatasi hiyo yote. Hii imeandikwa g/ml, imeandikwa 20 °C, na ina namba yake ya utambulisho. Imeandikwa pia L50. Hiyo ni daraja kwenye kiwango cha kimataifa cha ISO 649: kipimo chake chote ni 0.050 tu, na kila mstari mdogo ni 0.0005. Hii yangu inaanzia 0.750 inaishia 0.800. Nyingine ninayo ya 0.850 hadi 0.900 kwa ajili ya tolueni na zaileni.

Madukani utakutana na moja ndefu inayoanzia 0.700 hadi 1.000, muuzaji anakuambia hii inapima kila kitu. Ni kweli inapima, lakini mistari yake imesongamana, na unachokitafuta kwenye viyeyushi kiko kwenye tarakimu ya tatu baada ya nukta. Mimi sikushauri. Bora mbili fupi kuliko moja ya kila kitu. Itikise pia kidogo karibu na sikio, uangalie kama karatasi ya ndani imeshika. Karatasi ikiteleza hata milimita moja, kila utakachosoma ni uongo, na kioo chenyewe kitaonekana kizima.

Kuna waliouliza kama kile cha kupimia maji ya betri kinafaa. Hakifai. Kile kimetengenezwa kwa asidi nzito kuliko maji, mistari yake inaanzia juu ya 1.000, kwa hiyo kwenye asetoni kitazama tu. Halafu kina mpira, na tolueni ikigusa mpira wa namna ile unavimba na kuharibika. Silinda ya plastiki ngumu inayong'aa kama kioo nayo iache, asetoni inaiyeyusha mbele ya macho yako. Tumia silinda ya kioo, ndefu, yenye upana wa kutosha haidromita isiguse pembeni. Iwe pana kuliko tumbo la haidromita kwa milimita 25 hivi, na chini ibaki nafasi kama hiyo hiyo.

Sasa tunapima. Namimina asetoni taratibu ubavuni mwa silinda ili isipige mapovu. Haidromita nimeifuta, maana vumbi la Dodoma mnalijua, na vumbi kwenye shingo ni uzito. Naishika juu kabisa, naishusha mpaka ianze kuelea yenyewe, ndipo naiachia nikiizungusha kidogo isigande ukutani. Usiitumbukize. Shingo ikilowa juu sana, kile kimiminika kilichobaki pale juu kinaikandamiza na unasoma pungufu.

Jicho sasa. Watu wengi wanasomea juu, pale kimiminika kilipopanda kwenye shingo. Hapana. Weka jicho chini kidogo ya uso wa kimiminika, utauona uso ule kama yai lililolala. Panda polepole. Yai linakuwa jembamba, jembamba, mpaka linageuka mstari mmoja ulionyooka. Pale mstari huo unapokata karatasi, ndipo pa kusoma. Mimi hapa nasoma 0.7785. Na kipimajoto kilichomo ndani ya silinda, siyo kile cha ukutani, kinasema nyuzi 31.

Cheti cha uchambuzi kilichokuja na pipa hili kinasema 0.791. Mtu asiyejua atasema tumeuziwa maji machafu, arudisheni mzigo. Tulieni. Asetoni inapungua densiti karibu 0.0011 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Kutoka 20 hadi 31 ni nyuzi 11. Kumi na moja mara 0.0011 ni 0.0121. Jumlisha na 0.7785, unapata 0.7906. Mzigo ni mzuri. Haidromita haikukosea hata kidogo, imekuambia asetoni ya nyuzi 31 ikoje, na cheti kinaongelea asetoni ya nyuzi 20. Tolueni tumia karibu 0.0009 kwa nyuzi, ethanoli 0.00085 hivi. Ukiweza, pima asubuhi mapema, marekebisho yanakuwa madogo na kosa linakuwa dogo nalo. Na uangalie cheti chenyewe kimeandika joto gani, kwa sababu vingine vinakuja na nyuzi 15, vingine 25.

Fanya haraka lakini bila papara. Asetoni inapovuka inapoza uso wake, na upepo wetu wa hapa unaivusha kweli kweli. Ukiacha silinda wazi unapiga stori, juu kunakuwa na joto lake na chini lake. Ndiyo sababu kipimajoto kinakaa ndani na kinasomwa mara mbili, kabla na baada. Joto likipishana, rudia.

Kuna swali zuri nililetewa: Dodoma iko juu, mita 1,100 na ushee kutoka usawa wa bahari, je, haidromita inadanganya? Haidanganyi. Inaelea kwa kulinganisha uzito wake na uzito wa kimiminika kilichosukumwa, na mvutano wa dunia unavivuta vyote viwili sawa. Presha ndogo ya hewa nayo haikibadilishi kimiminika kwa kiasi cha kukihangaikia.

Piknomita nitaipitia kwa ufupi. Ni kichupa cha kioo chenye kifuniko kilichotobolewa tundu jembamba, hiki ni cha mililita 25. Unakipima kikiwa kitupu, unakijaza, unakipima tena, unatoa, unagawanya kwa ujazo wake. Ukipata gramu 19.6 kwa mililita 25, densiti ni 0.784, ambayo ndiyo asetoni ya nyuzi 25. Hesabu nyepesi, na sampuli unayohitaji ni ndogo sana ukilinganisha na karibu nusu lita ya haidromita. Lakini tazameni mizani hii. Mnaona tarakimu ya mwisho? Inashuka. Inashuka tena. Hiyo ni asetoni inatoka kwenye lile tundu wakati tunaitazama. Kwa tolueni utapata utulivu zaidi. Kwa hiyo piknomita ni kifaa kizuri cha maabara yenye mizani nzuri na chumba kilichotulia. Wanafunzi wa kemia, hiki kijueni vizuri. Stoo ya Kizota yenye malori mlangoni, hapana.

Cha kidijitali. Hiki ni Anton Paar DMA 35, nimeazimwa kwa ajili ya kipindi hiki. Ndani kuna mrija wa kioo uliokunjwa kama herufi U, unatetemeshwa, na kimiminika kizito kinaufanya utetemeke polepole zaidi. Kampuni hii ya Austria ilianza kuuza vipimo vya densiti vya namna hii mwaka 1967. Kinataka mililita 2 tu za sampuli, usahihi wake ni 0.001, na matokeo kinayahifadhi chenyewe. Nimekipenda, sifichi. Mtu anayepima mapipa mengi kwa siku atakiona cha thamani. Ila kina adui mmoja, povu. Povu dogo likibaki kwenye mrija, namba inashuka na kifaa hakina njia ya kukuambia. Angalia kwenye kidirisha kila mara. Na bei yake ni ya mamilioni, wakati haidromita mbili na silinda hazifiki hata bei ya pipa moja la asetoni.

Sasa daftari, ambalo kwangu ni nusu ya kifaa. Kila kipimo kiwe na tarehe na saa, jina la kiyeyushi, namba ya bechi, sampuli imechotwa wapi kwenye pipa, namba ya haidromita, joto, namba uliyoisoma kama ilivyo, halafu namba uliyoirekebisha, na sahihi ya aliyepima. Namba mbili zote ziandikwe. Ukiandika iliyorekebishwa peke yake, mkaguzi hawezi kujua ulirekebishaje. Ukikosea, piga mstari mmoja juu yake, andika sahihi pembeni yake. Usifute, usipake nyeupe.

Hili siyo urasimu. Asetoni na tolueni ziko kwenye orodha ya kemikali bashirifu, yaani zinazoweza kutumika kutengeneza dawa za kulevya, katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 wa kupambana na dawa za kulevya. Hapa nchini tuna Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya 2003, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Ukiwa na lita kwenye karatasi moja na kilo kwenye nyingine bila densiti ya kuziunganisha, siku ya ukaguzi utaeleza nini?

Na nisikilizeni hapa kwa makini kuliko kote. Densiti inaweza kukuambia kitu hiki siyo chenyewe, haiwezi kukuambia kitu hiki ndicho chenyewe. Tolueni yenye 0.867 ikichanganywa na petroli inashuka, utaikamata. Asetoni ikitiwa maji inapanda, utaikamata. Lakini ethanoli ni 0.789, asetoni 0.791, methanoli 0.792. Haidromita haiwezi kuzitenganisha kwa uhakika, na kile kipimo cha asilimia ya spiriti hakiwezi pia. Methanoli inapofusha na inaua. Kwa hiyo mtu anayetengeneza vitakasa mikono, au anayeuza spiriti, akikuambia nimepima kwa haidromita iko sawa, hajathibitisha kwamba ni ethanoli. Hiyo inahitaji maabara yenye mashine za kutambua kemikali, kama ya Mkemia Mkuu. Hapa sina mzaha.

Thina ni habari nyingine, maana ni mchanganyiko, haina densiti moja ya kudumu. Mafundi fenicha wa Singida na Manyoni mnaonitazama, fanyeni hivi: thina iliyowapa rangi safi isiyo na ukungu, ipimeni, iandikeni na joto lake. Mzigo unaofuata ukija na namba ya mbali, muulizeni muuzaji kabla hamjapulizia kabati la mteja.

Hukumu yangu basi. Stoo na karakana, nunueni L50 mbili, silinda ya kioo na kipimajoto kizuri cha kuzamishwa, na mvipeleke kufanyiwa ugezi, yaani kuhakikiwa usahihi wake, TBS, Shirika la Viwango Tanzania, wana maabara ya kazi hiyo. Mnaopokea mapipa mengi kila wiki, jipigeni mpate cha kidijitali, na haidromita ibaki kabatini kwa kukihakiki. Chuo, piknomita. Kama tayari unayo haidromita na huelewi karatasi yake ya ndani, ipige picha iliyotulia, maandishi yote yaonekane, nitumie pamoja na jina la kiyeyushi unachopima na joto la stoo yako saa nane mchana, nikuambie kama inafaa au utafute nyingine.