Mchezaji wa chuo kakamatwa akiendesha amelewa: aondolewe timu au abaki kwa masharti?

Jumamosi usiku, barabara ya Moshi–Arusha, winga wa timu ya chuo anapulizishwa kipimo na trafiki. Kavuka kiwango cha sheria, miligramu 80 za pombe kwa mililita 100 za damu. Jumatatu, mezani kwa mlezi wa wanafunzi kuna njia mbili.

Ya kwanza, kumwondoa kikosini papo hapo. Ni rahisi, na wenzake wanaelewa bila kuhutubiwa. Lakini mahakama haijasema neno bado, na kijana asiye na mazoezi saa kumi jioni utamkuta kilabuni, kata ya mbege mkononi.

Ya pili: mechi hachezi hadi kesi iishe, ila mazoezini anakuja, anaonana na mshauri, na funguo za pikipiki zinakaa kwa kocha. Hii inataka mtu wa kufuatilia. Na makocha, tuseme ukweli, hufuatilia hadi wiki ya fainali. Hapo masharti huyeyuka kama theluji ya Kibo.

Mimi nachukua ya pili, mradi anayeamua nani acheze asiwe kocha. Akiwa amegonga mtu? Ya kwanza, siku hiyohiyo.