Uzoefu wangu: Lichess na Stockfish kwa mchezaji wa sataranji wa Unguja

Nianze na jawabu, maana wengine mnataka hilo tu: kama unacheza sataranji na una simu ya kawaida, pakua Lichess leo. Ni bure kweli kweli. Haina matangazo wala sehemu iliyofungwa mpaka ulipe. Inaendeshwa kwa michango ya watumiaji. Aliyeianzisha mwaka 2010 ni Mfaransa Thibault Duplessis. Ndani yake mna Stockfish, injini ya sataranji, yaani programu inayotafuta hatua bora, ambayo hakuna binadamu anayeiweza, akiwemo bingwa wa dunia.

Mimi nilichotaka kujua ni kitu chengine: mashine isiyoshindika inamfaa nini mtu wa barza ya Kikwajuni?

Kwanza, ukishaipakua, kucheza na kompyuta hakuli bando. Naitumia sana nikiwa kwenye boti ya Mkoani, Pemba, pale mtandao unapopotea na bado safari ni ndefu. Ngazi ziko nane. Ya kwanza, mtoto wa skuli aliyejua juzi tu farasi anakwendaje ataishinda. Ya nane usijitese nayo.

Ila kucheza nayo siko kwenye faida kubwa. Injini yoyote ikipunguzwa nguvu haichezi kama mtu dhaifu. Mtu dhaifu ana tamaa, ana woga, ana hatua anazozipenda, ukimjua unamtega. Injini iliyopunguzwa itacheza kibingwa kwa muda mrefu, kisha ghafla imtoe farasi bure bila ya kulazimishwa. Kumsoma mtu hujifunzi hivyo. Kwa hilo barza haina mbadala.

Faida yenyewe iko baada ya mchezo. Barzani kwetu mimi ndiye ninayeandika hatua, na usiku huziingiza kwenye simu. Kuna mchezo mmoja wa wakubwa zangu wawili sitousahau. Mweusi mfalme wake yuko upande wa kulia, nyuma ya askari wa f7, g6 na h7 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari). Mweupe mfalme wake kampeleka upande wa pili na amezidi askari mmoja. Barza nzima tukasema abadilishane malkia, ashike ziada yake mpaka mwisho. Akabadilisha, mchezo ukaisha sare. Stockfish ikaonyesha hatua ambayo hakuna aliyeitaja: askari wa ukingoni, wa safu ya h, asogee mbele, asogee tena, mpaka akae h6 kama msumari uliopigwa mlangoni. Hali kitu chochote pale. Anaibana tu g7, mfalme mweusi akose pa kutokea, na kuanzia hapo kila ngome au malkia akifika mstari wa nyuma ni hatari ya kufa.

Fikra hii ya askari wa h ina historia yake. Deep Blue, kompyuta ya IBM iliyomshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kule New York mwaka 1997 kwa pointi 3.5 kwa 2.5, ilitegemea kuhesabu: nafasi milioni 200 kwa sekunde, pamoja na maarifa ya sataranji iliyowekewa na watu. Disemba 2017 kampuni ya DeepMind ya London ikaitangaza AlphaZero, programu ambayo ilipewa sheria za mchezo basi. Ikacheza yenyewe kwa yenyewe, na baada ya saa nne ikaipita Stockfish ya wakati ule. Katika michezo 100 waliyocheza ilishinda 28, ikatoka sare 72, haikupoteza hata mmoja. Kwenye michezo iliyotolewa hadharani, askari wa h kupanda mpaka h6 alionekana tena na tena, na mabingwa wakaanza kuiga. Mwaka 2020 Stockfish nayo ikaongezewa mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kwa mifano, kwa hiyo iliyomo kwenye simu yako leo haihesabu tu. Ina jicho la kuipima nafasi.

Nilipoupeleka mchezo ule barzani siku ya pili, maalim aliyetufundisha wengi wetu aliitazama namba iliyo pembeni ya ubao, +1.8, yaani mweupe yuko mbele kwa thamani ya karibu askari wawili, akanambia:

"Haya mwanangu, na sababu yake?"

Simu haina jawabu ya hilo. Inakupa namba na hatua, kwisha. Ikabidi tukae. Maalim akamshika mweusi, akajaribu kila kinga anayoijua: akamsogeza mfalme, akamleta ngome, akafungua katikati. Kila akijaribu, simu inaonyesha pa kumpiga. Kahawa ikapoa. Mpaka Alasiri inaadhiniwa tulikuwa tumeipata sababu kwa maneno yetu wenyewe, na siku hizi kijana wa darasa la saba pale barzani anaweza kukueleza kwa nini h6. Hivyo ndivyo ninavyopendekeza itumike: mashine itoe hatua, watu waitafute sababu. Hata Lee Sedol, bingwa wa mchezo wa Go, alipocheza na AlphaGo, programu ya DeepMind, mjini Seoul mwezi wa Machi 2016, ile hatua ya 37 ya AlphaGo katika mchezo wa pili wataalamu waliokuwa wakitangaza walidhani ni kosa. Maana yake ilionekana baadaye.

Nasisitiza jambo moja. Unapocheza na mtu, injini ifungwe. Lichess huzifunga akaunti za wanaoitegemea, na barzani tumekubaliana simu zikae mfukoni mpaka mchezo uishe.

Kinachoniuma mimi ni bao. Nilitafuta kitu cha namna hii kwa ajili ya bao la kiswahili, nikapakua programu moja yenye picha nzuri sana ya ubao. Tukaanza kunamua, yaani kuingiza kete za mkononi moja moja, nikala, kete ya mwisho ikafika nyumba, lile shimo kubwa la kila mchezaji, na nyumba bado yangu, imejaa. Mchezaji yeyote wa hapa anajua kwamba hapo uamuzi ni wako: ulale, yaani usimame hapo, au usafiri, uzitawanye kete za nyumba. Programu haikuniuliza. Ikaivunja nyumba, ikatawanya kete, ikaendelea. Nikaifuta.

Na si kwamba michezo ya mashimo haijatazamwa na kompyuta. Awari ya Afrika Magharibi, yenye mashimo 12 na kete 48, ilimalizwa mwaka 2002 na John Romein na Henri Bal wa Amsterdam: kompyuta ilipitia nafasi zaidi ya bilioni 889, ikathibitisha kwamba pande zote zikicheza bila kosa ni sare. Bao letu lina mashimo 32, kete 64, kete 22 za kunamulia kwa kila mmoja, halafu ndiyo mtaji, sehemu ya pili ya mchezo, kete za mkononi zikisha. Ni mchezo mzito zaidi, na mafundi wake wapo hai mjini na mashamba. Wanastahili injini inayocheza kwa kanuni zao kamili, itakayowaonyesha na wao hatua ambayo barza nzima haikuitaja.

Vijana wa kompyuta wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kama kuna anayetaka kuianza kazi hii, akae kwanza na mafundi hao kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu. Kuandika michezo yao, kete kwa kete, mimi nitajitolea.